Addis Ababa: saa ni zetu, tarehe si zetu

Ukienda Ethiopia usihangaike kurekebisha saa. Addis Ababa iko sawa na Nairobi na Dar es Salaam, na wenyeji wanahesabu saa kama sisi: wakikwambia basi linaondoka saa 2 asubuhi, ni saa 2 ileile unayoijua. Watalii wa Ulaya ndio huachwa hapo, wakidhani ni mchana.

Kinachotuponza sisi ni tarehe. Kalenda yao ina miezi 13, ule wa mwisho una siku 5 au 6 tu, na mwaka wao uko nyuma ya wetu kwa miaka 7 au 8. Kwa hiyo ukikata tiketi ya basi au ukipewa risiti, uliza tarehe hiyo ni ya kalenda ipi, na uandikiwe ya pili pembeni. Tiketi za ndege hazina shida, zinafuata kalenda ya kimataifa.

Jambo jingine: Jumatano na Ijumaa Waorthodoksi hufunga, hawali nyama. Agiza beyaynetu, yaani injera (mkate wao mwembamba, mpana na laini kama chapati) iliyopambwa kwa dengu na mboga za kila rangi. Mimi huzisubiri siku hizo.