Jinsi ya kutafuta kwenu Western na Nyanza (Kenya) ukiwa majuu

Huyu dada leo namuita binamu, lakini mwanzoni alikuwa tu mtu wa Marekani ameandikia kanisa letu huku Kakamega akiuliza kama kuna mtu anajua watu wa babake. Babake alienda kusoma miaka ya sitini, enzi zile Tom Mboya na wenzake walikuwa wanapeleka vijana Marekani kwa ndege (ya kwanza ilibeba wanafunzi 81 mwaka wa 1959), akaoa huko, akafia huko, mtoto akabaki na picha mbili na neno Kakamega. Ilituchukua karibu mwaka kumfikisha nyumbani na mwingi tulipoteza kwa kuanzia pabaya, ndio maana naandika hii.

Pabaya ni jina la mwisho. Mtu anaandika Otieno ama Wekesa kwa intaneti anapata maelfu ya watu na hakuna hata mmoja wa familia yake. Otieno ni mtoto wa usiku, Wekesa ni wa wakati wa mavuno, na ndugu watatu wa baba mmoja wanaweza kuwa na majina matatu hayafanani hata kidogo. Kinachokufikisha kwa boma ni ukoo, Waluo wanaita dhoot, Wabukusu ekholo. Kwa hivyo kwanza kabisa pigia simu mzee yeyote wa familia aliyebaki na umuulize ukoo, jina la guga (babu) la nyumbani na sio la ubatizo peke yake, jina la mlima ama mto ama soko walilokuwa wanataja, na kina mama walikuwa wanaitwaje. Hiyo ya kina mama usiiruke, maana mama wa Kiluo akiitwa nyar Alego (binti wa Alego) ama nyar Gem umeshaambiwa alitoka upande gani wa Siaya. Mrekodi kwa simu, na ufanye leo.

Halafu angalia makaratasi ya zamani yanasema wapi. Ukiona North Kavirondo, jina la wilaya ya kikoloni, jua hiyo sasa ni Kakamega, Vihiga, Bungoma na sehemu ya Busia, Central Kavirondo ni Kisumu na Siaya, South Kavirondo ni Kisii na Homa Bay na Migori. Port Florence ni Kisumu yenyewe. Na kabla ya 1902 huku kwote kulikuwa kunahesabiwa Uganda.

Cheti cha kuzaliwa cha guga usikitegemee sana, Waafrika wengi wakati huo hawakuandikishwa. Tafuta kanisa. Friends (Quakers) walianza Kaimosi 1902, CMS (wamishonari wa Anglikana) walifika Maseno 1906, Wasabato Gendia 1906, Wakatoliki wa Mill Hill walikuwa Mumias. Andikia parokia ama kanisa barua fupi, taja jina la ubatizo, jina la baba na mwaka wa kukadiria, uombe waangalie kitabu cha ubatizo. Sisi hapo ndio tulipata jina la babu mzaa baba, limeandikwa kwa wino wa bluu.

Ukishapata lokesheni (eneo la chifu), sasa ni chifu. Tafuta mtu unayemwamini aende afisi ya chifu ama naibu wake na barua yako, kopi ya pasipoti yako, cheti cha kifo cha mzazi na picha zake za ujana. Chifu atakutuma kwa liguru, yule mzee wa kijiji, na huyo ndiye anajua nani alizaa nani. Tafadhali andika kwa hiyo barua, mstari wa kwanza kabisa, kwamba hutafuti shamba, unatafuta watu wako (kama ni kweli). Watu wakisikia mtoto wa majuu amejitokeza wanaogopa kugawa shamba upya, wananyamaza, na hata picha hawaangalii. Barua yetu ya kwanza haikusema hivyo, tukakaa miezi minne bila jibu, ya pili ikasema na kukhu (nyanya) mmoja akaitambua picha siku hiyo hiyo.

Kama kuna namba ya shamba kwa karatasi yoyote, isome vizuri, mwanzo wake ni mahali, mfano Butsotso/Shikoti ama Kisumu/Kogony, halafu ndio namba. Mtu wako ama wakili anaweza kuomba sachi (kuangaliwa kwa rekodi ya shamba) kwa eCitizen, mtandao wa serikali, aone limeandikwa kwa nani. Malipo ya serikali yanaingia paybill 222222, mtu akikwambia tuma kwa simu yake binafsi achana naye.

Ukitaka kurudi nyuma zaidi kuna Kenya National Archives pale Moi Avenue Nairobi, utajaza fomu na kulipa ada ndogo, uitishe mafaili yenye alama DC/NN ya North Nyanza ama PC/NZA ya mkoa. Aliye Marekani aulize kwanza maktaba ya Syracuse University, wana mikrofilamu za hizo rekodi.

Na kama mama ama baba yako alikuwa raia wa Kenya siku uliyozaliwa, Katiba ya 2010 kifungu cha 14 inakuhesabu raia wa kuzaliwa hata kama ulizaliwa Ohio, na uraia wa nchi mbili unaruhusiwa. Peleka kitambulisho ama pasipoti ya mzazi na cheti chako cha kuzaliwa kwa ubalozi. Binamu amepeleka yake mwezi uliopita, barua ya chifu akaiambatanisha juu.