Msanii mmoja, kava mbili: jinsi ya kutengeneza kava ya jarida la muziki inayomvuta msomaji unayemtaka

Wadau habari zenu. Nina kasteshenari kangu hapa Mkolani, Mwanza, naprinti, natoa kopi, nafanya na dizaini. Juzi kati mdogo wangu anayesoma mawasiliano chuo alinijia na kazi: achukue msanii mmoja, atengeneze kava mbili za jarida la muziki, moja ya vijana na nyingine ya watu wazima, halafu aeleze kila moja inamvutaje mtu wake. Alikuja na kitu tayari kwenye flashi. Nikafungua, picha ile ile, maandishi yale yale, moja kaweka nyekundu moja kaweka bluu. Nikamwambia mdogo wangu hii ni kava moja imevalishwa magauni mawili, tuanze upya. Akanuna kidogo ila tukaanza.

Naandika hapa tulivyofanya, maana kuna sehemu ilinila usiku mzima na sitaki ikule na wewe.

Hatua ya 1: Mtafute mtu mmoja, achana na "vijana"

Kwenye karatasi yake alikuwa kaandika walengwa ni "vijana miaka 15 hadi 35". Sasa hapo umemuweka dogo wa kidato cha pili na baba wa watoto watatu kwenye kiti kimoja, hao hawasikilizi muziki mmoja na hawana hela moja. Sisi tukaandika watu wawili. Wa kwanza dogo wa kidato cha sita anakaa Igoma, simu yake kioo kimepasuka, anaghani mistari ya rapa Fid Q bila kukosea na anakwambia jamaa ni wa hapa hapa Mwanza kana kwamba ni binamu yake. Wa pili mama wa Buzuruga, hamsini na kitu, anaimba kwaya sauti ya pili, na redio ikipiga dansi la zamani anaacha mboga ichemke aongeze sauti.

Ukishawaandika hivyo kazi ni nyepesi. Kila ukikwama unamuuliza dogo, unamuuliza mama.

Hatua ya 2: Angalia wenzako walifanyaje

Usiige, angalia tu wanachagua nini na wanaacha nini. Intaneti imejaa kava za zamani, tenga saa moja na bando.

Mimi nilimuonyesha kava za Kerrang!, jarida la roki nzito la Uingereza la tangu 1981. Lile jina lenyewe ni mlio wa gitaa la umeme likipigwa kwa nguvu, na herufi zake zimechorwa kama kioo kilichopigwa jiwe. Kava zake za zamani zilijazwa mpaka zinapumulia juu juu: picha kubwa, picha ndogo ndogo pembeni, alama za mshangao, tangazo la bango la kubandika ukutani lililomo ndani. Mnunuzi alikuwa kijana anayetaka kelele, akapewa kelele kabla hajafungua.

Halafu weka pembeni Mojo, la Uingereza pia, limeanza 1993, linasomwa na watu waliokua na Bob Dylan na The Beatles. Pale mara nyingi unakuta picha moja ya zamani, ya msanii akiwa kijana, imetulia, maneno yamepangwa kistaarabu. Ukiangalia vizuri wanamuuzia yule mzee ujana wake mwenyewe. Mdogo wangu hapo ndo alianza kuelewa.

Smash Hits lilikuwa la mabinti na wavulana wa shule, kuanzia 1978 mpaka 2006, rangi za pipi, nyuso zinacheka, na ndani maneno ya nyimbo uimbe chumbani. Vibe la Marekani, aliloanzisha prodyuza Quincy Jones mwaka 1993, lilichukua wasanii wa hip hop na R&B likawapiga picha kwa heshima ya majarida ya mitindo, taa nzuri, nguo kali, nafasi tupu pembeni. Msomaji wake alikuwa anaambiwa muziki wako na wewe mwenyewe mna hadhi. Na Rolling Stone, la tangu 1967, toleo la kwanza likiwa na John Lennon wa The Beatles kavaa kofia ya askari, wao mara nyingi kichwa cha msanii kinaziba herufi za jina la jarida. Wanaweza, kila mtu analijua. Wewe jarida lako lina wiki moja duniani, usizibe hata herufi moja. Nasema hivi kwa sababu kila anayeanza anaiga hilo.

Hatua ya 3: Picha (soma yote, hapa ndo nilipoteza usiku)

Msanii wetu ni binti, rafiki wa mdogo wangu wa chuo, anaimba kwaya Jumapili na viitikio vya hip hop siku nyingine, kwa hiyo anafaa kote. Tukampeleka Capri Point kwenye mawe, kando ya Ziwa Victoria, saa saba mchana, kwa sababu ndo muda alikuwa huru. Kosa la kwanza hilo. Jua la saa saba liko utosini, macho yanakuwa mashimo meusi, na ziwa likiwa mbele yake linamrudishia mwanga usoni mpaka anafinya macho kama kaingiwa na moshi wa dagaa. Ukimgeuza ziwa liwe nyuma yake, kamera inaona maji yanang'aa inampa uso mweusi tii. Picha mia na kumi tulipiga, mbili tu ndo macho yanaonekana. Na kava ya muziki bila macho huna kitu, labda umvalishe miwani, na miwani kwa yule mama wa Buzuruga inasema huyu binti anaringa.

Kosa la pili ndo baya zaidi. Nilipiga picha nzuri kama za kuweka profaili, yani kichwa kimegusa juu ya fremu. Nimekaa kwenye laptopu nataka kuweka jina la jarida, hakuna pa kuliweka! Nikasema si naongeza anga tu juu. Sasa binti kafuga afro. Kukata nywele za afro kutoka kwenye anga jeupe, unywele mmoja mmoja, ukimaliza anaonekana kavaa kofia ya sufi. Nikafuta nikaanza tena, nikajaribu kunyoosha anga likawa na mistari kama bati. Saa nane usiku ndo nimekubali kwamba picha haifai, mke wangu kaja kuniuliza hiyo kazi unalipwa shilingi ngapi, nikakosa jibu.

Kwa hiyo fanya hivi. Piga saa kumi na moja jioni na kuendelea, mwanga ukiwa umelala. Simu ishike wima, rudi nyuma hatua mbili zaidi ya unavyotaka, acha juu ya kichwa nafasi kama sehemu moja ya tano ya picha, na pembeni acha upande mmoja wa maneno. Utaona picha imekuwa tupu tupu, usiogope, huo utupu ndo shamba lako. Nyuma yake kuwe na kitu kimoja kilichotulia, jiwe au ukuta, siyo watu na bodaboda. Kama ana nywele za kuchambuka usifikirie kabisa kumkata, tafuta ukuta unaofaa tangu mwanzo.

Sasa walengwa. Tuliporudi jioni tulipiga seti mbili kabisa.

Ya dogo wa Igoma: nimechuchumaa, simu iko usawa wa kiuno chake inamwangalia kutoka chini, kwa hiyo anaonekana mkubwa kuliko jiwe lililo nyuma yake. Anaangalia lenzi moja kwa moja, hacheki. Jaketi la kazi la kaka yake, mikono mfukoni. Dogo akiangaliwa hivyo anahisi kapewa changamoto.

Ya mama wa Buzuruga: simu usawa wa macho, kakaa, mwanga wa pembeni unaingia kwenye shavu moja, anatabasamu ila siyo la meno yote. Nilimwambia afikirie anamsalimia mama yake mdogo baada ya muda mrefu, na uso ukabadilika hapo hapo. Shingo ikainama kidogo, unaona kabisa mdomo unataka kusema shikamoo. Hiyo ndo tuliyotumia. Blauzi ya kijani, hereni moja inaonekana, basi.

Na tahadhari mbili. Moja, usitumiwe picha kwenye meseji kama picha ya kawaida, inabanwa. Mimi ilinifikia na pikseli 1200 kwa 1600, wakati kava ya A4 ya kuprinti inataka 2480 kwa 3508. Kwenye simu inaonekana safi, ukiprinti uso unakuwa wa vigae. Itume kama dokumenti, au chomeka waya. Mbili, usimpake msanii ile programu ya kulainisha ngozi. Mama anamjua mtu wa kweli akimuona, na dogo atakucheka.

Hatua ya 4: Jina la jarida na fonti

Fonti mbili zinatosha, ya tatu ni ushamba. Za dogo: nene, za kubanana, herufi kubwa. Za mama: herufi zenye vikucha vya zamani kama za vitabu vya nyimbo, zisomeke bila miwani. Zile fonti za mwandiko wa kupinda pinda zenye dhahabu msiziguse, hasa juu ya zambarau. Nimeprinti kadi za harusi miaka mingi, ukiweka ile fonti mtu anatafuta kiasi cha mchango.

Majina tuliyoweka ni Mwamba kwa dogo, na Kiitikio kwa mama.

Hatua ya 5: Maneno ya kwenye kava

Hapa watu wanaweka "MAHOJIANO MAALUM NA...". Maalum kwa nani? Habari ni ile ile, ila unaifungulia mlango tofauti. Binti alitusimulia kwamba wimbo wake wa kwanza aliutunga ndani ya daladala kurudi Nyegezi na mama yake ndo alimfundisha kushika sauti. Kava ya dogo ikasema: MISTARI 16, DALADALA MOJA. Kava ya mama ikasema: "Mama alinifundisha kushika sauti kabla sijajua kusoma". Mtu yule yule, maisha yale yale, na hakuna uongo popote. Dogo anapewa kazi na ujanja, mama anapewa nyumbani.

Lugha pia. Kwa dogo unaweza kuandika "noma sana" kwenye kona. Kwa mama usithubutu, na usimwite mtu aliyemzidi umri kwa jina tupu, weka "mzee" au "bibi" panapostahili. Vichwa vingine vya habari kwenye kava viwe vitatu au vinne tu kwa mama. Kwa dogo hata saba, msongamano anaupenda.

Hatua ya 6: Rangi

Chukua rangi kutoka kwenye picha yenyewe. Sisi: kijivu cha jiwe na njano kwa dogo, kijani cha blauzi na maziwa kwa mama. Imeisha.

Hatua ya 7: Jaribu kwa watu, ila uliza vizuri

Printi nakala moja moja, karatasi ya kawaida tu. Bandika ukutani, rudi hatua nne, kama jina halisomeki kuza. Halafu toka nayo. Usiulize "ni nzuri?", kila mtu atakwambia nzuri, watu wetu wana adabu. Uliza "hili ni la nani?". Nilimpa mama muuza maharage jirani yangu zote mbili. Ile ya dogo akaishika kwa vidole viwili akasema hili la wale vijana wa kwenye kijiwe, huyu dada ana hasira na nani? Ile nyingine akaiweka mapajani akauliza, huyu mtoto ni wa kwaya gani? Hakuna mahali tuliandika neno kwaya kwenye kava. Mdogo wangu akaniangalia, nikamwambia andika hilo kwenye maelezo yako kama lilivyo.

Kijana wa bodaboda akasema ya njano ndo yake, ila akashauri neno "daladala" liongezwe ukubwa. Alikuwa sahihi, tukaongeza.

Hatua ya 8: Kuprinti

Hifadhi PDF, acha milimita 3 za ziada kila upande za kukatwa, basi. Na faili lipe jina la maana. Sisi tulikuwa na "kava_mwisho", "kava_mwisho2" na "kava_mwisho_kabisa", asubuhi ya kukusanya nimeprinti nakala sita za rangi za "mwisho2", ile ambayo daladala bado ilikuwa ndogo. Zipo hapa dukani, nafungia karanga.