Kunasa nondo kwa taa hapo nyumbani: kuwaandika na kujua ni akina nani

Kama unaishi pande za Kakamega, Vihiga, Kisumu ama hata Nakuru na uko na taa nje ya mlango, nusu ya kazi ushafanya, juu hao nondo wanaozunguka bulbu kila mvua ikianza ndio hao hao tunataka kuandika. Miongozo mingi kwa intaneti ni ya watu wa Ulaya, inakwambia ungoje mwezi wa nane joto lao likielekea kuisha. Sawa, hiyo ni kalenda ya kwao. Huku kwetu ni mvua inaamua, ile ya Machi mpaka Mei, halafu tena Oktoba hivi. Usiku mzuri ni ule wa mawingu na fukuto, hakuna upepo, hakuna mwezi. Mwezi mpevu ukiwaka utapata wachache tu, afadhali ulale.

Vifaa si vya pesa mingi. Njia rahisi ni shuka nyeupe kwa kamba ya nguo, ile sehemu ya chini uitandaze kwa nyasi uweke mawe, juu wengi hawapandi kwa shuka, wanatua chini na utawakanyaga usipoangalia. Kuhusu taa, LED ya manjano manjano haivuti sana, chukua yenye mwanga mweupe unaoelekea bluu, na ukipata ya UV (mwanga wa zambarau ambao macho yetu hayauoni vizuri) ndio bora kabisa. Hata zile tochi za zambarau za kukagua noti bandia zinasaidia, ziweke kando ya bulbu ya kawaida. Zile bulbu kubwa za zebaki zinavuta sana lakini zinachemka, tone la mvua likigonga kioo inapasuka, na si za kukodolea macho. Kama unavuta waya kutoka ndani hakikisha maungio hayako chini kwa maji, na kwa vile stima inaweza kupotea saa yoyote, kuwa na taa ya sola ama pawabanki karibu.

Ukitaka kulala na mtego ufanye kazi, tafuta ndoo ya lita 20, ukate kichwa cha chupa kubwa ya maji ukigeuze kiwe kama faneli ya kuingilia, taa ining'inie juu yake. Ndani jaza trei za mayai, zile za karatasi. Nondo akiingia anajificha kwa vishimo vya trei anatulia, asubuhi unamtoa bila kumharibu mabawa. Toboa chini mashimo madogo ya maji ya mvua. Usiweke dawa yoyote, tunataka kuwaachilia wakiwa hai.

Ambia majirani mapema. Kwa boma zetu huku, mtu akionekana saa tano usiku ameinama mbele ya shuka nyeupe inayong'aa, kesho yake anaitwa jajuok (mchawi wa usiku), na kujitetea ni kazi.

Vaa nguo ya mikono mirefu, malaria huku si hadithi, na uangalie sana yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi anayeitwa Nairobi fly, yeye pia anapenda taa. Akitua kwa shingo usimponde, mpulize aende, juu sumu iko ndani ya mwili wake na ndiyo inachoma ngozi. Ikishakugusa osha na sabuni na maji, mkono usiguse macho. Usiku wa kumbikumbi nao usijisumbue, watajaza ndoo mpaka nondo wakose pa kutua, zima taa ama uwaite watoto waje na karai. Walio karibu na ziwa pale Kisumu wana shida ingine, wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kama wingu, hapo sogeza mtego nyuma ya nyumba upande usiotazama maji.

Kuanzia saa moja jioni mpaka saa tatu wanakuja wadogo wadogo. Wale wakubwa, wenye macho yamechorwa kwa mabawa, wengi hufika usiku umeshaenda, kwa hivyo kama unaweza toka tena kama saa sita. Asubuhi fika kwa mtego kabla ya kuku. Kuku akishajua hiyo ndoo ni mesi, umeumia.

Sasa kuandika, na hapa ndio watu wengi wanaharibu, wanakimbilia jina. Jina linaweza kuja hata mwaka ujao, lakini tarehe na mahali usipoandika usiku huo hazirudi. Daftari na penseli (kalamu inachuruzika kwa unyevu), andika tarehe ya jioni uliyowasha taa hata kama nondo umemwona saa nane usiku, vinginevyo usiku mmoja unagawanyika mara mbili kwa rekodi zako. Mahali usiseme tu "Kakamega", weka kijiji na namba za GPS kutoka kwa simu. Aina ya taa, umeiwasha saa ngapi mpaka saa ngapi, hali ya hewa, halafu kila aina na idadi yake. Usiku wenye wawili tu pia uandike, na ule uliokosa kabisa weka sufuri. Kwa kila jina weka alama yako: una hakika, unadhani, ama hujui. "Nondo kahawia wa saizi ya ukucha, picha ya 14" ni rekodi nzuri kuliko jina la Kilatini la kubahatisha.

Picha piga ya juu mabawa yakiwa yametulia, ya ubavuni, na moja ukiweka rula kando. Asiyetulia mweke kwa kikopo ndani ya friji dakika kadhaa (si friza!), akipoa atakaa. Mabawa ya nyuma yakionekana piga pia, mara nyingi siri iko hapo.

Kumtambua anza na vile anavyokaa. Amekunja mabawa kama paa la nyumba na ni mnene wa kahawia, huyo huenda ni wa ile familia ya viwavi wa mashamba. Amelaza mabawa bapa kwa shuka, mwembamba, basi pengine ni wa familia ya Geometridae. Mabawa yamechongoka kama ndege ya kivita, mwili mnene, hao ni wa familia ya Sphingidae na ndio raha ya kuanzia: Agrius convolvuli ana mistari ya waridi na nyeusi kwa tumbo na kiwavi wake anakula majani ya viazi vitamu, Daphnis nerii ni wa kijani chenye mawimbi, Hippotion celerio ana mstari wa fedha. Yule mwenye fuvu mgongoni ni Acherontia atropos, ukimshika analia kweli, na huwa anaingia mizinga kuiba asali. Watu wanamwogopa bure. Wale wakubwa kabisa wenye macho kwa mabawa, familia ya Saturniidae, wakishakuwa wazima hawali chochote.

Mkulima wa mahindi ana sababu ya ziada ya kuangalia wale wa kahawia. Spodoptera frugiperda, mama wa viwavijeshi waliovamia mahindi ya Kenya kuanzia 2017, dume wake ana doa jeupe karibu na ncha ya bawa la mbele, jike hana, amefifia tu. Busseola fusca, wa kutoboa bua, ndiye utapata zaidi ukiwa juu kama Kitale, na Chilo partellus wa rangi ya nyasi kavu, mwenye mdomo uliochomoza, anapenda kule chini kwenye joto. Hao wa bua ndio walifanya ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, pale Mbita wakaja na mpango wa kupanda desmodium (mmea wa jamii ya kunde) katikati ya mahindi kuwafukuza na nyasi ya napier pembeni kuwavuta.

Programu ya simu kama iNaturalist, inayokisia jina kutoka kwa picha, inasaidia, lakini usiamini jibu la kwanza, saa zingine inakupea nondo wa Marekani. Linganisha na AfroMoths, tovuti yenye orodha ya nondo wa Afrika, uone kama huyo ameshawahi kurekodiwa Kenya. Na kuna wengine hata mtaalamu hawezi kuwatenganisha kwa picha, mpaka achunguze viungo vya uzazi chini ya hadubini, kwa hivyo kuishia kwa jenasi (kundi la aina za karibu) ama familia hakuna aibu.

Kuwaachilia, watoe na trei zao uwaweke ndani ya kichaka kizito mbali na kuku, ama uwahifadhi kivulini mpaka jioni uwaache waende. Usiwashe kila usiku pahali pamoja, ndege wanajifunza haraka na pia wale wale watarudi uwahesabu mara mbili. Mara moja ama mbili kwa wiki, taa ile ile, masaa yale yale, ndio ukilinganisha Aprili na Oktoba uone tofauti ya nondo na si ya bulbu.