Unapanda ndege peke yako kwenda kulikuta kundi Istanbul? Soma hii ukiwa bado nyumbani

Toka nirudi Istanbul kila nikikutana na mtu sokoni Darajani, hapa Unguja, swali ni lile lile, we dada hivi kweli ulipanda ndege peke yako ukaenda kuwakuta watu hata huwajui? Nlipanda, na nnataka na wengine wende, kwahiyo ntaeleza ninavyojua mie. Na n'anze na hili: ndege si kazi, ndege unakaa unaletewa chakula, kazi ipo pale katikati, toka unaposhuka mpaka unapomuona kwa macho mtu wa kundi lako, hapo ndo watu wanapopotea na ndo pa kupangia akili yako yote.

Kabla hujalipa hata shilingi iulize kampuni ya utalii inayopanga safari ya kundi kwa maandishi, WhatsApp inatosha mana inabaki. Bei ni pamoja na ndege au inaanzia kule kule? Nyingi zinaanzia kule, tiketi juu yako. Kundi linakutana hoteli gani, tarehe gani, saa ngapi? Gari ya kunipokea ipo, na itanisubiri ndege ikichelewa? Na ulize utalala na nani, mana bei zao nyingi ni za watu wawili chumba kimoja, ukitaka chumba chako unaongeza pesa, kama hutaki kuongeza omba uwekwe na mwanamke mwenzio na wakujibu kabisa kabla hujalipa.

Pasipoti iwe na miezi 6 mbele. Viza ianze kabla ya tiketi, na ukiomba mtandaoni angalia mwisho wa anuani uwe gov.tr, kuna kurasa nyingi zinazofanana na ile ya serikali zinakula pesa za watu tu.

Sasa tarehe, hapa naomba unisikilize vizuri. Tiketi yangu iliandikwa tarehe 12, 03:25. Hiyo ni saa tisa na dakika ishirini na tano, usiku wa kuamkia tarehe 12, yaani unatoka nyumbani tarehe 11 baada ya isha, ule usiku wa tarehe 12 wenyewe wewe ushalala Istanbul. Binti mmoja mtaani kwetu kaaga watu wote, mama kashalia, kafika uwanjani usiku wa tarehe 12 na ndege imeondoka toka usiku wa kuamkia siku hiyo. Na ukiikosa ya kwendea usijiambie basi ntapanda nyengine na ya kurudi ipo pale pale, mara nyingi shirika la ndege wakiona hukupanda ya mwanzo wanafuta na ya kurudi, wapigie simu saa ile ile. Saa za Uturuki ni sawa na zetu mwaka mzima, kwahiyo saa yako usiiguse, ila wao wanaandika 20:00 na hiyo ni saa mbili usiku, 08:00 saa mbili asubuhi. Mie ratiba yote niliiandika upya kwa saa za Kiswahili kwenye karatasi nikaibandika nyuma ya simu.

Wenzangu wa Pemba, boti na ndege msizipange siku moja. Bahari ikichafuka boti haiondoki na ndege haikungoji, vuka siku mbili kabla ulale kwa shangazi Unguja. Na usiku huo daladala ya 505 ya uwanjani hakuna, panga teksi mapema, uwe uwanjani masaa matatu kabla, ndege za nje ziko jengo la tatu.

Mkobani: pasipoti, dawa, pawa benki (hii begi la kupakia haitakiwi kabisa), nguo za siku moja, na jina la hoteli na mtaa vimeandikwa kwa Kituruki. Vya majimaji mwisho mililita 100 kila kichupa. Mama alinifungia chupa ya achari ya embe, naiona mpaka leo, kaifunga nailoni mara tatu na kipande cha khanga juu, nikaitia mkobani na kwenye ukaguzi ikabaki pale. Achari iende kwenye begi kubwa. Disemba mpaka Machi koti lako liwe zito kweli.

Istanbul ina viwanja viwili, IST upande wa Ulaya na Sabiha Gökçen, SAW, upande wa Asia, na viko mbali sana, hakikisha kampuni inajua unashukia kipi. Ukishuka usifuate umati, wengi wanaunganisha ndege, wewe fuata mabango ya pasipoti halafu mizigo. Nje watakufata watu teksi teksi kama pale bandarini kwetu Malindi, usijibu, mtafute mwenye kibao chenye jina lako. Humuoni? Rudi ndani kwenye intaneti, mpigie kiongozi, na uwe na njia ya pili tayari, kama umeshukia IST: mabasi ya Havaist yanafika Taksim na Aksaray, na treni ya M11 inakwenda Gayrettepe. Chenji dola kidogo tu pale uwanjani, mjini bei inakuwa nzuri zaidi.

Fika siku moja kabla ya kundi, gharama ya usiku mmoja inalipa. Siku ile ya kungojea kundi usende kasri la Topkapı wala msikiti wa Ayasofya, mtakwenda na kundi (na Topkapı Jumanne inafungwa). Mie nilinunua kadi ya nauli, Istanbulkart, nikapanda boti Eminönü kwenda Üsküdar, unatoka Ulaya unaingia Asia hata chai haijapoa, ndege wa baharini wanafata nyuma, moyo ukatulia kabisa. Niliporudi nikaingia soko la viungo pale pale Eminönü, mzee mmoja akaniwekea karafuu kiganjani akasema karanfil. Nikamwambia kwetu karafuu, kwetu Pemba. Akanifungia kidogo nikaondoka nazo, na saa mbili usiku nilipoingia ukumbi wa hoteli kukutana na wenzangu, wa mwanzo kunisalimia aliniuliza hiyo harufu nzuri inatoka wapi.