Goti linauma ukiendesha baiskeli? Anza na siti

Jumamosi tukiwa wanne watano hivi huwa tunatoka Shangani, hapa Mtwara, saa 12 asubuhi kabla jua halijaanza kuchoma, tunanyoosha mpaka Mikindani, tunakunywa chai, tunarudi, na karibu kila mwezi anaongezeka mtu mpya, na kila nikimuangalia mtu mpya kwa nyuma naona kitu kilekile: siti iko chini, magoti yanapanda mpaka yanakaribia usukani, na tukifika Mikindani anashika goti anasema "mjomba, mimi nshazeeka, mambo ya baiskeli niwaachie nyie". Hujazeeka. Hiyo baiskeli haijawahi kupimwa kwako, ulivyoikuta dukani au kwa fundi ndivyo ulivyoichukua.

Naandika hapa kwa mtu anaeendesha kwa kujifurahisha na afya yake, na baiskeli yoyote aliyonayo, iwe Phoenix aliyoachiwa na mzee, iwe mtumba wa Japani wenye kikapu mbele, iwe ya gia. Vitu vya kuandaa ni spana namba 13 na 14 (spana malaya moja nzuri inatosha kama hamna), alenki (ile funguo ya pembe sita) namba 5 na 6 kwa baiskeli za siku hizi, futi, uzi mrefu wenye nati imefungwa mwishoni, nyundo na kipande cha ubao, grisi kidogo. Na mtu wa kukushikia baiskeli, huyu muhimu kuliko spana. Halafu vaa kiatu kilekile unachoendeshea, maana ukijipima na raba alafu kesho ukaendesha na kandambili umepoteza sentimita nzima au zaidi na vipimo vyote vimevurugika.

Kabla ya spana kuna jambo la kichwani. Wengi wetu tunaamini siti sahihi ni ile ambayo ukikaa miguu yote miwili inakanyaga chini. Naelewa inapotoka, tulijifunza utotoni kwenye baiskeli za wakubwa, unapitisha mguu ndani ya fremu, unaanguka, unachubuka, kwahiyo ukija kupata ya kwako unataka uhakika wa ardhi. Lakini ukikaa unakanyaga chini kabisa, maana yake ukikanyaga pedeli mguu haunyooki hata nusu, goti linabaki limekunjika mda wote na pia ya goti inabanwa kwenye kila mzunguko, na kwa mwendo wa Mikindani na kurudi ni maelfu ya mizunguko. Ndiyo maana linauma kwa mbele. Mimi mwenyewe nilikaa nalo miezi kadhaa hilo goti, nikawa napaka dawa ya kuchua kila jioni, kumbe nilitakiwa kupandisha siti sentimita nne.

Kusimama na siti iliyopanda kunajifunzwa ndani ya nusu saa. Unashika breki, baiskeli ikikaribia kusimama unainuka kwenye siti unakuja mbele, mguu mmoja uko kwenye pedeli ya chini na mwingine ndio unashuka ardhini. Hukai kwenye siti ukiwa umesimama. Fanya mara ishirini kwenye barabara tulivu au uwanjani, mwili utazoea wenyewe.

Sasa kipimo. Egemeza baiskeli kwenye baraza au ishikwe na mtu, kaa kwenye siti vizuri, nyonga zote mbili zikae sawa usiegemee upande, zungusha pedeli kwa kurudi nyuma mpaka moja ifike chini kabisa, alafu weka KISIGINO juu yake. Mguu unatakiwa unyooke kabisa, kisigino kiwe kinagusa bila wewe kujivuta. Ukiwa umekunjika pandisha siti, kisigino kikiwa hewani shusha. Ukishapata hapo, rudisha mguu kwenye mkao wa kuendeshea, yaani ile sehemu pana nyuma ya vidole ndio inakaa katikati ya pedeli, na utaona goti limejikunja kidogo tu lenyewe. Hapo ndipo panapotakiwa.

Anaependa hesabu kuna njia nyingine. Simama ukutani bila viatu, bana kitabu kigumu katikati ya mapaja ukipandishe mpaka kikubane kama siti inavyobana, pima kutoka mgongo wa kitabu mpaka sakafuni. Hiyo namba zidisha kwa 0.883, utapata urefu kutoka katikati ya ekseli ya krenki (pale mikono ya pedeli inapozungukia) mpaka juu ya siti ukifuata bomba la siti. Mfano una sentimita 78, utapata karibu 69. Ilitoka kwa watu wa mashindano kwahiyo ichukue kama mahali pa kuanzia tu, mimi naamini kisigino zaidi.

Shida kubwa huku kwetu pwani ni kwamba siti nyingi hazipandi. Chumvi ya bahari inaingia kwenye bomba, kutu inashika, na kama siti haijaguswa miaka kumi imekuwa kitu kimoja na fremu. Phoenix ya mjomba wangu ndiyo ilinifundisha subira, baiskeli iliyobeba magunia ya korosho misimu mingi, nilifungua ile bolti inayobana, nikavuta, hamna kitu, nikavuta na mtu wa pili, hamna. Kijana mmoja akataka apige nyundo kutokea chini ya siti, nikamkataza, ukipiga hivyo unapinda vile vyuma viwili vinavyoshika siti na bomba halijasogea hata kidogo. Tulichofanya tulichanganya mafuta ya taa na oili ya injini kidogo, tukafungua bolti kabisa, tukamimina taratibu kuzunguka pale bomba linapoingilia kwenye fremu, tukaacha usiku mzima, asubuhi tukamimina tena tukaacha mpaka jioni. Alafu siyo kuvuta juu, ni KUZUNGUSHA. Unamuweka mtu abane fremu na miguu, wewe unashika siti mbele na nyuma unazungusha kushoto kulia kidogokidogo, na mara ya kwanza ikatoa mlio kama mlango wa zamani, kriii, vumbi jekundu la kutu likatoka pembeni, tukajua imeachia. Ikazunguka zunguka mpaka ikatoka yote. Tukasugua bomba kwa msasa likang'aa, tukafuta na ndani ya fremu kwa kitambaa kwenye kijiti, tukapaka grisi, tukarudisha. Tangu siku hiyo kila baada ya miezi michache mjomba anaichomoa anapaka grisi upya, na wewe fanya hivyo hata kama hubadilishi urefu, hasa ukiwa unakaa karibu na maji.

Ukipandisha angalia mstari uliochorwa kwenye bomba la siti, vistari vidogo vimepangana, vile havitakiwi kuonekana nje. Vikionekana bomba limebaki fupi ndani, linaweza kupasua shingo ya fremu au kukatika ukiwa juu yake. Mabomba ya zamani mengine hayana alama, hapo hakikisha ndani pamebaki angalau sentimita 7 na mwisho wa bomba umepita chini ya pale bomba la juu la fremu linapoungia. Kama urefu wako hautoshi, nunua bomba refu lenye unene uleule, usilazimishe.

Endesha kwanza kama kilometa tano ndio uhukumu. Muombe mwenzio akae nyuma akuangalie kiuno, kama nyonga zinayumba kushoto kulia kama mtu anaetembea na ndoo basi siti imezidi juu. Goti likiuma mbele mara nyingi siti iko chini au imesogezwa mbele sana, likiuma nyuma kwenye mshipa siti iko juu sana au imerudi nyuma mno. Badilisha nusu sentimita kwa wakati, siyo zaidi, na endesha siku mbili tatu kabla hujabadilisha tena, ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo hutajua kipi kilichokusaidia.

Mbele na nyuma ya siti wengi hawajui hata kama inasogea, ila chini ya siti kuna nati pembeni (namba 13 au 14 kwa siti za zamani, alenki kwa za sasa), ukiilegeza siti inateleza kwenye vile vyuma viwili. Weka pedeli sambamba na ardhi, moja mbele moja nyuma, kaa kwenye mkao wako wa kawaida, alafu shusha ule uzi wenye nati kutoka mbele ya pia ya goti la mguu wa mbele. Uangukie karibu na ekseli ya pedeli. Ukipita mbele sana rudisha siti nyuma, na kumbuka kila unapoirudisha nyuma unaongeza na urefu kidogo, kwahiyo rudia kipimo cha kisigino.

Mlalo wa siti weka sawasawa, tumia pima maji ya fundi mwashi au ile ya kwenye simu. Pua ikiinuka inabana sehemu za siri mpaka ganzi, na ganzi huko chini usiivumilie hata siku moja, simama urekebishe. Ikiinama sana unateleza mbele na mikono ndiyo inabeba mwili wote, mabega na viganja vinaanza kulalamika.

Usukani. Kwa anaeendesha kwa raha anza kwa kuuweka usawa wa siti au juu yake kidogo, viwiko vikunjike kidogo visiwe vimekakamaa. Baiskeli za zamani kuna bolti moja juu katikati ya shingo, ilegeze mizunguko mitatu minne usiitoe yote, weka kipande cha ubao juu ya kichwa chake upige nyundo moja ya wastani, utasikia kabari ya ndani imeshuka, hapo usukani unapanda na kushuka. Nao una alama yake ya mwisho, iheshimu. Ukimaliza kaza, bana tairi la mbele katikati ya magoti ujaribu kuuzungusha, ukizunguka wenyewe bila tairi hujakaza vya kutosha. Na wenye breki za vyuma, siyo za waya, ukipandisha usukani vile vyuma navyo vinavutwa, inabidi ulegeze viungio vyake urekebishe la sivyo utaondoka breki imeshika au haishiki kabisa. Za waya geuza usukani mpaka mwisho kushoto na kulia uone waya haujavutika.

Baiskeli za sasa zenye alenki shingoni hazipandi hivyo, zina pete zinazohamishwa chini na juu, na ukizifungua legeza kwanza bolti mbili za pembeni ndio ufungue ya juu, ukifunga anza na ya juu kidogo tu mpaka uma wa mbele usiwe unacheza, alafu unyooshe usukani ndio ukaze za pembeni. Ile ya juu siyo ya kukazia kwa nguvu.

Tairi nitasema kwa kifupi, kiwango cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi, usikipite, na ukiwa unaelekea Msimbati kwenye mchanga punguza upepo kidogo tairi litanuke, ukirudi kwenye lami ongeza.

Ukishapata mkao wako zungushia utepe wa umeme kwenye bomba la siti pale linapoingilia kwenye fremu, ili hata mdogo wako akiazima akashusha, wewe unarudisha palepale bila kupima upya. Na baada ya safari ya kwanza ya Mikindani pitisha spana kwenye kila bolti uliyogusa, siti hasa, maana bolti ikishakazwa upya mara nyingi inalegea kidogo kwenye zile kilometa za mwanzo.