Kununua kitabu adimu cha chama cha mafundi wa kale ukiwa Nairobi

Vyama vya mafundi wa Ulaya, wakiwemo wafua dhahabu, waoka mikate, wachapaji na watengeneza saa, viliacha vitabu vya aina mbili. Kuna vilivyouzwa madukani kama kitabu kingine chochote, na kuna vilivyochapishwa kwa gharama ya chama chenyewe, kwa ajili ya wanachama na wageni wao. Hivi vya pili ndivyo vigumu kupatikana. Chama cha watengeneza saa wa London, kilichopewa hati na Mfalme Charles wa Kwanza mwaka 1631, kina kitabu cha namna hiyo: historia iliyoandikwa na Atkins na Overall, ikachapishwa kwa faragha mwaka 1881. Mtu akikuuzia "historia ya chama" bila kutaja mwandishi na mwaka, bado hajakuambia anauza nini.

Anza kwa kulijua toleo kabla ya kuulizia bei. Fungua WorldCat, orodha ya mtandaoni ya vitabu vya maktaba za dunia, uandike jina la mwandishi, mji, mwaka, idadi ya juzuu, kurasa na picha. Kwa vitabu vya Uingereza vilivyochapishwa kabla ya 1801, katalogi yake ni ESTC, nayo pia iko mtandaoni. Idadi ya juzuu ndiyo inayowaumiza wengi. Historia ya Herbert kuhusu vyama 12 vikuu vya London, ya miaka ya 1830, ni juzuu mbili, na ilichapwa upya 1968. Nakala za daftari za chama cha wachapaji na wauza vitabu alizozitoa Arber ni juzuu tano zilizotoka kati ya 1875 na 1894. Kitu kilichotoka kidogo kidogo kwa miaka 19 si ajabu kukikuta na juzuu nne tu. Kisha pakua nakala ya kidijitali ya toleo hilohilo kutoka Internet Archive, maktaba ya mtandaoni. Itakuwa kipimo chako mpaka mwisho.

Hapa mjini, pita kwa wauzaji wa vitabu vya inama, yaani mitumba inayotandazwa chini, kando ya Tom Mboya na Moi Avenue. Usitegemee muuzaji atakumbuka jina refu la Kiingereza. Mtumie kwa WhatsApp picha ya mgongo wa kitabu na ya ukurasa wa jina, kwa sababu yeye hutambua kwa jicho. Usiache amana. Fuatilia pia minada ya mali za nyumba za zamani, ambako maktaba nzima huuzwa kwa makasha. Tukiri lakini: kitabu cha aina hii mara nyingi kitatoka ng'ambo. Tafuta kwa viaLibri, inayopekua maduka mengi kwa mpigo, na uwape kipaumbele wauzaji walio wanachama wa ILAB, umoja wa kimataifa wa wauzaji wa vitabu vya kale, au wa ABA, chama chao cha Uingereza.

Ukikuta mwaka 1836 na bei ya chakula cha mchana, hiyo ni nakala iliyochapwa juzi kutokana na skani. Muuzaji ameandika mwaka wa kitabu asilia, wala hajataja mwaka wa karatasi uliyo nayo mkononi. Jihadhari pia na lugha ya orodha zao. Neno "wants" kwenye maelezo ya kitabu cha kale halina maana ya kutaka. "Wants 2 plates" ni kusema picha mbili hazimo.

Omba picha hizi kabla ya kulipa: ukurasa wa jina na nyuma yake, ukurasa wa mwisho, kila picha iliyomo, mgongo, maungio ya jalada yakiwa yamefunguliwa, na karatasi za ndani ya majalada yote mawili. Omba moja ipigwe kwa mwanga wa pembeni, maana mwanga wa mbele huficha karatasi iliyobandikwa kiraka. Muuzaji mzuri hachoshwi na ombi hili. Anayechoshwa, mwache.

Sasa kuhesabu, na hapa usiwe na haraka. Namba za kurasa pekee hazitoshi, kwa sababu picha mara nyingi huwa hazina namba. Vitabu vya vyama vilipambwa kwa nembo, nyingine zikapakwa rangi kwa mkono, na wafanyabiashara walizikata wakaziuza moja moja zitiwe fremu. Kitabu kikabaki na maneno yake yote lakini thamani imekwenda. Linganisha picha na orodha ya picha iliyo mwanzoni, kisha na skani yako. Ukiona kijisehemu cha karatasi kimesimama karibu na mshono, chunguza: huenda ni kisiki cha ukurasa uliokatwa, au ni sehemu halali ambapo picha imegundishwa. Skani itakuonyesha ni kipi.

Chini ya baadhi ya kurasa kuna herufi ndogo zilizomwongoza fundi wa kujalidi. Karatasi kubwa ilikunjwa ikawa mkunjo mmoja: ikikunjwa mara tatu hutoa kurasa 16, mara mbili 8, mara moja 4. Kila mkunjo una herufi yake. Usishtuke kukosa J, V na W, kwani wachapaji walitumia alfabeti ya herufi 23, na wengine huacha U badala ya V. Usishtuke pia maandishi yakianzia B; A iliachiwa kurasa za utangulizi. Kinachotisha ni kutoka F kwenda H.

Kitabu kikiwa mkononi, tumia lenzi ya sonara inayokuza mara 10. Chapa ya herufi za risasi huibonyeza karatasi, hivyo pitisha kidole upande wa nyuma na mara nyingi utahisi mbonyeo. Uchapaji wa kisasa hukaa juu juu, na picha zake huvunjika kuwa vitone. Vitabu vingi vya nusu ya pili ya karne ya 19 vina karatasi ya massa ya mbao, yenye asidi, inayogeuka kahawia na kumeguka pembeni. Ngozi inayoacha unga mwekundu mkononi imeoza, na hakuna mafuta ya kuirudisha. Madoa ya kahawia yaliyotapakaa hupunguza bei. Ukungu wenye harufu mbichi ni sababu ya kukataa kabisa.

Malipo waweza kuyafanya kwa kadi au M-PESA GlobalPay. Kubalianeni kwa maandishi kwamba siku za kurudisha zinahesabiwa tangu kifurushi kikufikie, kwa kuwa kikitumwa kwa posta muda wa kawaida unaweza kwisha kikiwa bado njiani. Ankara itaje jina la kitabu, mwaka, toleo na bei halisi. Usimwombe muuzaji aandike "zawadi" au apunguze bei: kikipotea, bima hulipa kilichotamkwa, na forodha wakitilia shaka watakadiria wenyewe. Muulize wakala wa forodha mapema atakiingiza chini ya fungu gani, kwa sababu vitabu vya kawaida viko 49.01 na vitu vya kale vya zaidi ya miaka 100 viko 97.06, na ushuru hutofautiana. VAT ni 16%, na hukokotolewa juu ya bei pamoja na usafiri, bima na ushuru ukiwepo. Kitabu cha pauni 180, usafiri na bima 50, VAT pekee, kama hakuna ushuru, ni karibu pauni 37, kabla ya ada ya tamko la uingizaji na tozo la reli.

Mwelekeze muuzaji namna ya kufungasha: karatasi laini isiyo na asidi, plastiki ya kuzuia mvua, kadibodi mbili ngumu zinazozidi kitabu kila upande, kasha ndani ya kasha. Bahasha huvunja pembe.

Kikifika, kihesabu upya siku hiyohiyo. Shika kwa mikono iliyonawa na kukauka. Glavu huondoa hisia na kurarua kurasa. Ukiona vitundu vipya vya wadudu, kifunge ndani ya plastiki iliyotolewa hewa, kiweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha kiache siku nzima nje ya friza bila kukifungua ili unyevu ubaki juu ya plastiki. Baadaye kikae kabatini mbali na ukuta wa nje, hasa masika, maana unyevu wa hewa ukizidi 65% ukungu huamka. Ankara na barua za muuzaji ziweke kwenye bahasha kando. Zikikaa ndani ya kitabu, huacha kivuli cha kahawia ukurasani.