Mashindano ya pilkki Ufini: kuvua kwa ushindani juu ya ziwa lililoganda

Pilkki ni uvuvi wa ufito mfupi kupitia tundu lililotobolewa kwenye barafu, na huko Ufini una mashindano yake, hasa kati ya Februari na Aprili. Mara nyingi mambo huenda hivi: honi inalia, washindani wanatawanyika ziwani, na baada ya muda wa saa nne hivi kila mtu anarudi na mfuko wake. Mzigo mzito kuliko yote ndio unaoshinda. Samaki anayetegemewa ni ahven, mwenye milia myeusi na mapezi mekundu. Usimfananishe na sangara wa Ziwa Viktoria: ahven wengi wana gramu 20 hadi 60 tu. Ndiyo maana hapa hushindi kwa kubahatisha jitu moja. Unashinda kwa kuvua wadogo wengi bila kupoteza sekunde.

Piga hesabu mwenyewe. Ukipata samaki 100 na kila mmoja akakuchelewesha sekunde 15 za bure, umetupa dakika 25.

Hatua ya 1: Vifaa

Keekee ya barafu iwe ya mkono, kwa kuwa mashindano haya kwa kawaida hayaruhusu ya injini. Kipenyo cha milimita 110 hadi 130 kinatosha. Keekee pana zaidi inakuchosha mikono, wakati samaki unaowatafuta ni wa kiganja. Makali yake ndiyo roho ya siku nzima: usiyagonge kwenye barafu ili kuondoa theluji, na usitoboe karibu na ufuko penye mchanga. Chembe moja ya mchanga inatosha kuyafanya butu, na keekee butu huteleza juu ya barafu badala ya kuuma.

Fito ziwe tatu au nne, zimeshafungwa kila kitu. Mshipi ukijisokota vidole vikiwa vimekufa ganzi, usihangaike kuufungua. Weka ufito huo pembeni uchukue mwingine. Kwa kina cha mita 2 hadi 5, tumia mshipi wa milimita 0.16 hadi 0.18 na kisamaki cha chuma (chambo bandia) cha gramu 5 hadi 8, chenye mnyororo mfupi wa sentimita 2 au 3 unaoishia kwenye ndoana ndogo ya rangi. Ufito mwingine uwe na ndoana ya tangsteni, kijipande kizito kama punje ya mtama, kwa ajili ya saa ambazo samaki wamekuwa wazito kula.

Chambo ni funza wa nzi. Nyumbani watunze kwenye friji, maana wakipata joto wanageuka kuwa pupa, wamejifunga ndani ya ganda gumu, na hawafai tena. Ziwani waweke mfuko wa ndani wa koti, la sivyo wataganda.

Mavazi yawe ya tabaka. Kosa la kawaida ni kuvaa nguo zote tangu mwanzo, ukatoboa matundu kumi mbio mbio, ukatoka jasho, kisha ukakaa. Jasho hilo ndilo litakalokugandisha. Fungua zipu unapotoboa, funga unapovua.

Hatua ya 2: Barafu yenyewe

Sentimita 5 za barafu ngumu, nyeusi na isiyo na maji zinaweza kumbeba mtu mmoja. Hicho ni kiwango cha chini kabisa, kwa hiyo unapofanya mazoezi subiri 10. Barafu nyeupe iliyotokana na theluji ni dhaifu zaidi, na ile ya majira ya kuchipua hudanganya: inaweza kuwa na unene wa nusu mita na bado ikakatika, kwa sababu jua limeshaitenganisha kwa ndani. Kaa mbali na midomo ya mito, milango myembamba kati ya visiwa, matete na chini ya madaraja.

Shingoni vaa naskali, yaani vishikio viwili vyenye misumari vilivyounganishwa kwa kamba. Ukitumbukia, geukia upande uliotokea, kwa kuwa barafu ya huko ilikuwa imekubeba. Piga miguu mpaka mwili ulale juu ya maji, choma misumari kwenye barafu, jivute, kisha viringika hadi mbali. Usisimame mapema. Simu ya dharura ni 112. Iweke kwenye mfuko usioingiza maji.

Hatua ya 3: Kuwatafuta samaki

Soma ramani ya kina siku moja kabla. Tafuta mteremko au kilele kilicho chini ya maji. Honi ikilia, usifuate kundi kubwa bila sababu. Watu hamsini wakitoboa pamoja kwenye maji mafupi, samaki wanahama.

Toboa matundu matano au sita kwa mstari unaoukata mteremko, kutoka kwenye maji mafupi kwenda kwenye kina, kila moja hatua kumi kutoka kwa jingine. Vua kila tundu kwa dakika mbili. Ukipata samaki kwenye mita 3 na huko kwingine kimya, jibu umelipata: sasa fuata kina hicho hicho ukizunguka mteremko. Na uzingatie umbali kati yako na washindani wengine kama kanuni za siku hiyo zinavyosema. Kukiuka umbali huo kunaweza kukutoa mashindanoni.

Hatua ya 4: Kuchezesha na kumtoa

Hapa ndipo mashindano yanaposhindwa au kupotezwa. Teremsha kisamaki cha chuma hadi chini, kigonge tope mara mbili tatu ili vumbi liinuke, kisha kipandishe sentimita 15 na utulie. Hesabu hadi tano. Ahven hupenda kuuma wakati wa utulivu, wala si wakati wa mchezo. Kama kimya, tetemesha ncha ya ufito polepole huku ukipandisha hadi nusu mita. Wakati mwingine samaki wakubwa hukaa juu ya wadogo.

Akiuma, inua kiganja kwa mkato mfupi. Usizungushe roda. Vuta mshipi kwa mikono miwili kwa zamu, ukiuangusha kwenye theluji kavu upande ambao upepo hauurudishi tunduni. Mshipi ukilala kwenye majimaji ya barafu unaganda palepale, na samaki anayefuata utampoteza ukihangaika kuubandua. Samaki akitoka, mshike kichwa, geuza ndoana kwa kidole gumba, chuma kirudi majini, ndipo umpige kichwani afe mara moja na umweke mfukoni. Mpangilio huo una maana yake: kundi likiwa chini ya tundu, chuma kinachorudi haraka hulizuia lisiondoke.

Funza mmoja aliyenyonywa bado anavua. Badilisha pale tu miumo inapopungua. Na tundu likikaa kimya kwa dakika tatu baada ya kutoa samaki wengi, usiling'ang'anie. Nenda, lakini rudi baada ya nusu saa, maana kundi huzunguka.

Hatua ya 5: Kurudi

Ukichelewa hata dakika moja baada ya honi ya mwisho, mzigo wako hauhesabiwi. Pima mwendo wako asubuhi unapokwenda, kisha ongeza robo, kwa sababu wakati wa kurudi umechoka na theluji imelainika. Kabla ya mizani, kung'uta theluji yote na umwage maji ya mfukoni. Waamuzi hupima samaki tu. Ondoa pia aina zisizohesabiwa siku hiyo, na kama mfuko unatakiwa kuwa na namba yako, iandike kabla hujaingia kwenye foleni.